Tovuti yangu ya mapazia haina wageni: nilipe nani?

"Nashona na kufunga mapazia hapa Umoja, Nairobi, huu ni mwaka wa sita. Mwezi wa Januari nilitengenezewa tovuti kwa shilingi 35,000. Aliyeitengeneza ananiambia inapata watu 12 hivi kwa siku, lakini mwezi uliopita ni wateja 3 tu walionipa kazi wakisema wameniona huko. Kazi ya nyumba ya vyumba viwili huniachia faida ya kama shilingi 7,000. Kuna kijana anasema ataniletea wageni 10,000 kwa shilingi 5,000. Kampuni nyingine inataka shilingi 25,000 kila mwezi kwa miezi 6 ili niwe wa kwanza kwenye Google. Rafiki yangu ananiambia niachane nao wote, nilipie matangazo ya Facebook. Nina shilingi 15,000 za kutumia kwa mwezi na sina zaidi. Nichague njia gani?"

Dada, kwanza zishikilie hizo 15,000. Wiki hii usimlipe yeyote kati ya hao watatu. Sisemi hivyo kwa kuwa wote ni matapeli. Mmoja wao huenda akakufaa baadaye. Ila wote wanakuuzia dawa kabla ya kukupima, na kwa jinsi ulivyoniandikia, nadhani ugonjwa hauko pale wanapouonyesha.

Nasikia pia hofu nyingine ndani ya swali lako, kwamba zile 35,000 zimezama na sasa unaombwa uzifuatishe na nyingine. Hazijazama. Ukifungua duka ghorofa ya tatu pale River Road bila bango chini mlangoni, vitambaa vyako vinaweza kuwa vizuri kuliko vya jirani na bado ngazi zikabaki tupu. Hapo ndipo ulipo. Kazi iliyobaki ni ya bango, na sehemu kubwa yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu yako.

Tuanze na kijana wa wageni 10,000, kwa sababu huyo ndiye rahisi kumjibu. Gawanya 5,000 kwa 10,000, unapata senti 50 kwa kila mgeni. Jiulize ni mtu gani wa Nairobi, mwenye dirisha lisilo na pazia na pesa mfukoni, anayeweza kufikishwa kwako kwa senti 50. Wageni wa aina hiyo kwa kawaida ni programu za kompyuta zinazofungua kurasa zenyewe, au ni watu wa nchi za mbali ambao ukurasa wako umewarukia kwenye skrini bila kuuomba wakaufunga papo hapo. Kihesabuji kitapanda, simu haitalia. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wageni hao wa bandia watachafua hesabu zako. Baada ya hapo hutajua tena ni ukurasa gani ulioleta mteja wa kweli na ni upi umekaa bure.

Kampuni ya 25,000 ni suala tofauti. Kazi wanayoiuza, ambayo wengi huiita SEO, ipo na ina manufaa. Ni kuiweka tovuti katika hali ambayo Google itaielewa na kuionyesha kwa mtu anayefaa. Ila ahadi ya kuwa "wa kwanza" hawawezi kuitimiza, na Google wenyewe katika maelezo yao kwa wenye tovuti wanasema hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza. Tena uliza: wa kwanza kwa maneno gani? Ukiandika jina la biashara yako huenda tayari uko juu, na kwa hilo huhitaji kumlipa mtu. Kisha piga hesabu. Miezi 6 kwa 25,000 ni shilingi 150,000. Kwa faida ya 7,000 kila kazi, ungehitaji kazi 22 za ziada ili urudishe tu ulichotoa. Na bajeti yako ni 15,000. Kwa sasa hawakufai, hata kama ni waaminifu.

Kabla sijafika kwa Facebook, nikueleze Google inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili hutahitaji kumwamini mtu kwa upofu. Google ina programu zinazozunguka mtandaoni mchana na usiku zikifuata viungo (link) kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Zikifika kwako husoma maneno yaliyoandikwa, kisha Google huamua kama itauhifadhi ukurasa huo katika faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozijua. Mtu anapotafuta kitu, Google haizunguki mtandao mzima wakati huo. Hufungua faharasa na kupanga kurasa kwa jinsi zinavyolijibu swali, jinsi zinavyoaminika, na mahali aliposimama anayetafuta. Ndiyo maana dada yako aliye Rongai anaweza kutafuta mapazia akaona majina ambayo wewe uliye Umoja huyaoni kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, umo kwenye faharasa? Fungua Google, andika site: ukifuatisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako, umo. Isipotokea hata moja baada ya miezi yote hii, huenda fundi wa tovuti aliacha alama inayoizuia Google isiingie, jambo linalotokea sana tovuti inapojengwa kisha mtu akasahau kuiondoa. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Muombe pia akuunganishe na Google Search Console. Ni ya bure, na inakuonyesha maneno halisi ambayo watu waliandika tovuti yako ikajitokeza, ilijitokeza mara ngapi, na wangapi walibofya. Hilo ndilo daftari lako la kweli. Ile "12 kwa siku" uliyoambiwa siiamini sana: vihesabuji vingine huhesabu hata hizo programu zinazozunguka, pamoja na wewe mwenyewe na fundi wako mnapofungua kuangalia.

Kuna mambo mawili ambayo watu watakuambia na si kweli. La kwanza, kwamba ukilipia matangazo ya Google utapandishwa pia kwenye matokeo ya bure. Hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti. La pili, kwamba dawa ni kurundika neno "mapazia" mara hamsini kwenye ukurasa, au kulificha nyuma ya pazia kwenye sehemu ya maneno muhimu (meta keywords), ambayo msomaji haioni. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii sehemu hiyo kupanga matokeo yake. Na anayetaka kukuuzia viungo mia kutoka tovuti usizozijua, mkatae. Kwa miaka mingi Google imekuwa ikipambana waziwazi na viungo vya kununuliwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa biashara yako nalipa uzito kuliko yote: ramani. Mtu aliyehamia Donholm juzi, ambaye jirani wa ng'ambo anamwona mpaka kitandani, hatafuti makala ya mapambo. Anatafuta fundi wa mapazia aliye karibu, leo. Mara nyingi Google humwonyesha ramani na biashara chache kabla ya tovuti za kawaida. Kuingia hapo ni bure, kupitia kile kinachoitwa Google Business Profile. Google wenyewe hutaja mambo matatu wanayoangalia: biashara inalingana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Hayo mengine mawili yako mikononi mwako.

Jisajili kwa jina lile lile lililo kwenye bango lako. Usiongeze "bora bei nafuu Nairobi" ikiwa halimo kwenye jina, kwa maana ni kinyume cha masharti yao na unaweza kusimamishwa. Chagua aina ya biashara inayohusu mapazia hasa, usichague "duka" kwa ujumla. Ikiwa unashonea nyumbani na hutaki watu waje mlangoni, unaweza kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia: Umoja, Donholm, Buruburu, Tena, Komarock, Kayole. Utaombwa kuthibitisha kuwa biashara ipo, na siku hizi mara nyingi ni kwa video. Unarekodi mtaa, bango kama lipo, kisha cherehani na vitambaa vyako. Usiharakishe hapo.

Halafu yanakuja maoni ya wateja. Una miaka sita ya watu ambao madirisha yao umeyavika, na nina hakika wengi wao hawajawahi kuandika neno hata moja mtandaoni. Ukimaliza kufunga pazia na mwenye nyumba amesimama hapo akilitazama kwa furaha, huo ndio wakati. Mwambie, "Mama, naomba uniandikie maneno mawili kwenye Google," na umtumie kiungo kwenye WhatsApp kabla hujashuka ngazi. Usinunue nyota, wala usitoe punguzo ili upewe maoni. Masharti ya Google yanakataza. Maoni 20 ya kweli yanayotaja mtaa na aina ya kazi yatakufaa kuliko mengi ya kusema "huduma nzuri". Na kila moja lijibu, hata la lawama. Hasa la lawama.

Baada ya ramani, kurasa zenyewe. Sijaiona tovuti yako lakini naweza kubahatisha: ukurasa wa mbele unasema "Karibu, tunatoa huduma bora kwa bei nafuu", kuna picha kubwa sita, na mahali pa bei pameandikwa "piga simu". Kama nimekosea nisamehe. Kama nimepatia, basi hapo ndipo wageni wako wanapopotelea.

Fungua WhatsApp yako sasa hivi, urudi nyuma miezi mitatu, na uandike kwenye karatasi maswali ambayo wateja wamekuuliza. Dirisha la futi 6 linachukua kitambaa mita ngapi? Pazia zito na lile jepesi la ndani, tunaloita shiya, jumla ni pesa ngapi kwa sebule? Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, kuna namna? Unakuja kupima Syokimau, na kupima ni bure? Kila swali linalojirudia ni ukurasa wako, au angalau aya yake. Watu huuliza Google yale yale wanayokuuliza wewe, na mara nyingi kwa maneno yale yale. Chukua la futi 6. Wewe unajua kwamba pazia lenye mikunjo mizuri linataka kitambaa cha mara mbili ya upana wa dirisha, kwa hiyo mita 1.83 zinakuwa kama mita 3.7 kabla ya upindo. Kwako hilo ni jambo la kila siku. Kwa mtu aliyekwenda Eastleigh akanunua mita mbili na akarudi na kitambaa kisichotosha, ni maarifa ambayo angelipa kuyapata. Yaandike kwa lugha ambayo wateja wako wanakuandikia, iwe Kiswahili, Kiingereza au mchanganyiko wa Nairobi. Usitafute lugha ya vitabuni.

Na weka bei. Najua kwa nini unasita: bei ya kitambaa hubadilika, na mshindani ataiona. Basi weka "kuanzia" au mfano wa kazi halisi: nyumba ya vyumba viwili Buruburu, madirisha manne, kitambaa hiki, ilifika kiasi hiki, picha hizi hapa. Mnunuzi wa Nairobi aliyechoshwa na kuambiwa "njoo inbox" akiona bei wazi hutulia. Anayeona hawezi ataondoka, na wewe utakuwa umeokoa safari ya matatu kwenda kupima dirisha la mtu asiyenunua.

Kuhusu picha: picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti 4 au 5. Sita zikiwa hivyo, mtu anayetumia bando la siku ataona ukurasa unavuta na kurudi nyuma. Mwambie fundi azipunguze. Nambari yako iwe juu kabisa ya ukurasa, ibofywe na WhatsApp ifunguke yenyewe. Kiungo cha WhatsApp kinaweza pia kubeba ujumbe uliokwisha kuandikwa, mfano "Habari, nimeona ukurasa wa shiya". Weka ujumbe tofauti kwenye kila ukurasa na utajua kila mteja ametokea wapi bila kulipia programu yoyote.

Mbona nasisitiza kurasa kabla ya matangazo? Tuchukue hesabu zako jinsi zilivyo. Watu 12 kwa siku ni 360 kwa mwezi, wateja 3. Ni mmoja kati ya 120. Tuseme kila mbofyo wa tangazo ungekugharimu shilingi 25. Hiyo ni namba ya mfano, yako utaiona mwenyewe ukianza. Mteja mmoja angekugharimu 3,000 kati ya faida yako ya 7,000. Ukitaka wateja 3 zaidi ungelipa 9,000. Lakini ukirekebisha kurasa, na mmoja kati ya 60 akawa mteja, unapata wale wale 3 wa ziada kutoka kwa wageni ulio nao tayari. Na siku utakapolipia tangazo, mteja atakugharimu 1,500 badala ya 3,000. Wateja 3 ni wachache mno kuwa kipimo thabiti, nakubali. Mwelekeo wa hesabu ndio ninaotaka uuone.

Sasa rafiki yako na Facebook. Hajakosea kabisa. Tofauti ni hii: kwenye Google mtu amekuja akitafuta pazia, kwenye Facebook amekuja kuona picha za harusi ya binamu, na wewe unamkatiza. Kwa pazia, ambalo ni kitu cha macho, kumkatiza mtu kwa picha nzuri kunaweza kuzaa, hasa kuelekea Krismasi na mwisho wa mwezi watu wanapohama nyumba. Ila ukilipia, usichague lengo la kuleta wageni kwenye tovuti. Facebook itakutafutia watu wanaopenda kubofya, na wabofyaji si lazima wawe wanunuzi. Chagua lengo la ujumbe wa WhatsApp, na eneo liwe mitaa unayofika. Hapo tovuti haitapata hata mgeni mmoja, na pengine utapata kazi. Usisikitike kwa hilo.

Google Ads, yaani matangazo ya kulipia ya Google, ningeiweka mwezi wa pili au wa tatu, na kidogo, kama shilingi 300 kwa siku kwa siku 20. Mambo mawili yatakuokolea pesa. Kwenye mpangilio wa eneo, Google kwa kawaida huanza na watu walioko eneo lako pamoja na wale "wanaopendezwa nalo", hata wakiwa ng'ambo. Badilisha ibaki kwa walioko tu. Na uorodheshe maneno ambayo hutaki, kama mtumba, kazi, na jinsi ya kushona, la sivyo utawalipia wanaotafuta ajira na wanafunzi wa ushonaji. Jua pia kwamba siku moja inaweza kula hadi mara mbili ya bajeti uliyoweka, kisha mwezi ukasawazisha.

TikTok ni nzuri ikiwa unaipenda. Video ya dirisha tupu likivikwa pazia hutazamwa, lakini watazamaji wachache huondoka pale kwenda kwenye tovuti. Kama kujirekodi kunakuchosha, acha bila lawama.

Kuna njia moja ambayo hakuna aliyekutajia, na mimi ndiyo ningeigharamia kwanza. Tengeneza vitambulisho vidogo vya kitambaa vyenye jina lako, nambari na tovuti, ushone kimoja kwenye upindo wa kila pazia. Pazia hukaa miaka. Litafuliwa, litapigwa pasi, litaonwa na shemeji aliyekuja kutembea, na siku moja mwenye nyumba atahamia Ruaka kwenye madirisha ya kipimo kingine na hatakumbuka jina lako. Kitambulisho kitamkumbusha. Kwa wateja wa zamani wenyewe, watumie ujumbe mara moja moja, sio kila wiki. Kumbuka orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia tu waliohifadhi nambari yako, kwa hiyo waombe waihifadhi. Na waombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahusu hata nambari za simu zilizo kwenye daftari lako, na mtu akisema hataki tena ujumbe, mtoe.

Upime haya yote kwa swali moja kwa kila anayepiga: "Umetupata wapi?" Chora safu nne kwenye daftari, ramani, tovuti, Facebook, ameelekezwa na mtu, na uweke alama. Ramani inaweza kuanza kuleta simu mapema. Kurasa mpya huchukua muda zaidi. Google wamewahi kusema kazi ya aina hiyo huhitaji miezi 4 hadi mwaka kuonyesha matunda. Usikate tamaa mwezi wa pili.

Kuna hali ambazo hupaswi kuhangaika nazo peke yako. Ukitafuta tovuti yako na kuona kurasa za kamari au za lugha usiyoijua, imeingiliwa. Usibofye chochote, mwite fundi aje mkae naye. Vivyo hivyo ukiona kwenye Search Console ilani ya adhabu kutoka Google. Na kuna moja ambalo nakuomba ulikague kesho asubuhi hata kama kila kitu ni salama: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Nimeketi na wafanyabiashara kadhaa waliogundua, wakati wa ugomvi, kwamba jina la biashara yao mtandaoni ni mali ya aliyewatengenezea. Muulize fundi wako limesajiliwa kupitia kampuni gani na kwa barua pepe ya nani. Kama si yako, mkae ana kwa ana, mabadiliko yafanyike ukiwa unatazama, na nywila uondoke nazo. Akikataa, nenda kwa kampuni iliyosajili ukiwa na risiti zako, na kwa majina ya .co.ke ngazi ya juu yake ni KeNIC, wasimamizi wa majina ya tovuti ya Kenya. Hilo limalizike kabla hujatoa hata shilingi moja ya zile 15,000.